Kiingereza cha wenyewe na taa ya chemni (niliyoyasema Jumamosi)

Assalaam alaykum. Watu wamenifata kwenye simu wanataka yale niliyozungumza Jumamosi na vijana wanaoandika tasnifu, na mie sikuwa na hotuba ya karatasi, nilikuwa na vijimaneno sita nimeviandika nyuma ya risiti ya boti. Basi nimekaa nimeyakumbuka nikayaandika kama yalivyotoka, palipozidi mnisamehe, palipopungua nyie mliokuwepo mtajaza. Umeme ulikatika dakika kumi za mwanzo, kwa hiyo kama mnaona naanza na mambo ya giza sababu ni hiyo, sikupanga.

Nilianza hivi.

Wakubwa zangu shikamooni, na nyie vijana marahaba hata kama hamjasema. Nimeambiwa nizungumze juu ya namna ya kuandika Kiingereza cha kitaaluma. Nikamwambia alonialika, sheikh, mie Kiingereza changu nimekipata skuli ya serikali kule Wete, kwa maalim aliyekuwa na bakora moja kwa makosa yote, ukikosea hesabu bakora, ukikosea kitenzi bakora, sa mie ntawafundisha nini watu wenye intaneti? Akanambia njoo tu. Basi nimekuja, lakini sintowafundisha Kiingereza. Ntawahadithieni mtu mmoja ambaye amenisaidia zaidi kuliko vitabu vyote vya sarufi nilivyonunua, na baadae ntawahadithieni sentensi moja ya mwanamke mmoja wa mwani wa pwani ya Micheweni, mana hiyo sentensi inanikosesha usingizi.

Mtu mwenyewe anaitwa Suresh Canagarajah. Ni Mtamil, wa Jaffna, kaskazini ya Sri Lanka. Sasa hivi ni profesa mkubwa Marekani, Penn State, lakini kabla ya hapo alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Jaffna, na aliondoka 1994 vita vikiwa vimepamba moto. Vita vya kule vilianza 1983 havikwisha mpaka 2009. Na hata kabla havijaanza rasmi, 1981, maktaba ya Jaffna ilichomwa moto, vitabu na hati kama 97,000 vikateketea, mengine ni maandishi ya kale kwenye majani ya mtende wao, hayana kopi popote. Sasa huyo ndo mtu alokuwa akijaribu kuandika makala ayapeleke kwenye majarida ya Uingereza na Marekani.

Hapa ndo nilipokuwa nazungumza na taa hakuna, nikawauliza, mnalikumbuka giza letu? Waliokuwa wadogo hawakumbuki. Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima haina umeme, waya ule wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka bara ulikufa, na maji nayo hayaji mana pampu ni za umeme. Miezi mitatu. Mie ndo nilikuwa naandika masta yangu. Laptopu nikichajia kwenye duka moja karibu na Darajani lenye jenereta, shilingi kadhaa kwa saa, unakaa pale na watu wa simu mnagombania tundu. Usiku nyumbani chemni, na kioo cha chemni kimepasuka ubavuni moto unacheza, karatasi zote zina masizi. Rafiki yangu mmoja akaniletea fotokopi ya makala, kurasa nyengine hazisomeki, akanambia soma hii utacheka. Sikucheka. Ilikuwa ya huyu bwana, ya 1996, anaelezea vipi wenzake wa Jaffna walivyokuwa wakiandika.

Anasema hivi, kwa maneno yangu. Jarida la Ulaya linataka makala ipigwe taipu, mistari iachiane nafasi, upande mmoja tu wa karatasi, kopi tatu, karatasi nzuri. Na uweke bahasha yenye stempu za kukurudishia. Sasa Jaffna karatasi ni adimu, watu wanaandika nyuma ya makaratasi yaliyokwishatumika, wino wa taipu hakuna, umeme hakuna, watu wanaandikia taa za mafuta ya taa, posta haieleweki. Upande mmoja tu! Mtu kama mie nilokuwa naandika mpaka pembezoni mwa risiti nikasema, jamani hawa wanajua karatasi inauzwa?

Halafu kuna hili, ambalo ndo kubwa. Yule msomaji wa jarida, yule wanayemwita rivyua, anaangalia orodha ya marejeo anaona vitabu vya zamani, makala mpya hamna. Anaandika, mwandishi hayajui yanayozungumzwa hivi sasa kwenye taaluma. Basi. Anamkata. Yeye anaona kichwa kimepungua, kumbe meli haikuja. Canagarajah akasema haya mambo hayahusiani na akili ya mtu wala na lugha yake, lakini ndo yanayoamua nani asikike. Baadae 2002 akayafanya kitabu kizima, A Geopolitics of Academic Writing, na nikiwa na pesa ya kuwanunulieni kila mmoja kitabu kimoja ntawanunulia hicho, lakini sina.

Mtasema hayo ya zamani, sasa kila kitu ni imeili. Kweli, stempu hatuzitaki tena. Lakini nani kati yenu hajafika kwenye ukurasa ule unaomwambia lipa dola thelathini na kitu usome makala moja? Moja, kurasa kumi na tano, na huenda ukaifungua ukaona haikuhusu. Na kuna majarida ukishakubaliwa wanakutoza zaidi ya dola 2,000 ili makala yako isomwe bure na watu, yaani utafiti ufanye wewe, uandike wewe, na ulipe wewe. Bando likiisha katikati ya kupakia faili ndo usiseme. Mwana Kupona, yule mtunzi mzaliwa wa Pate, alipotaka kumuusia binti yake, 1858, kwenye beti za mwanzo kabisa anamwita aje akae mbele yake na wino na karatasi. Alijua. Mwanzo karatasi, usia baadae.

Sasa tuje kwenye adabu, na hapa ntakaa kidogo mana hapa ndo wengi mnapoangukia na mnadhani ni Kiingereza.

Kuna Mwingereza anaitwa John Swales, aliwahi kufundisha Khartoum miaka ya sabini, halafu 1990 akatoa kitabu ambacho karibu kila semina ya uandishi inakula kwake. Anasema utangulizi wa makala ya kitaaluma una hatua tatu. Unaonesha uwanja, kwamba hapa pana jambo linazungumzwa. Halafu unaonesha pengo, kwamba waliokuja kabla yako kuna kitu hawakukiona au wamekosea. Halafu unaingia kwenye pengo unakaa. Rahisi. Mie nawapa wanafunzi wangu hii kila mwaka, na kila mwaka wanakwama hatua ya pili. Sio kwamba hawajui neno "lakini" kwa Kiingereza. Ni kwamba aliyeandika kabla yao ni maalim wao. Ndo alomshikisha kalamu. Pengine ni mjomba wake wa ukoo, Zanzibar yenyewe hii iko wapi, watu wote tunajuana. Ataandikaje kuwa maalim hakuona? Basi anaandika kurasa nane za kumsifu maalim na fulani naye kasema na fulani naye kasema, pengo halionekani, na yule msomaji wa mbali anasema huyu hana hoja. Hoja anayo! Ipo ukurasa wa kumi na nne, imejificha nyuma ya mlango kama mwari.

Canagarajah aliliona hili hili Jaffna. Watamil wana mila yao, ina jina kabisa, avaiyadakkam, yaani unyenyekevu mbele ya hadhara, msemaji anaanza kwa kujishusha, anasema mie nani hata nizungumze mbele yenu. Niliposoma hapo nikasema hee, hawa si ndo sie? Chukua utenzi wowote. Bismillahi, sifa za Mola, sala kwa Mtume, halafu mtunzi anasema yeye ni mjinga, kalamu yake mbovu, mkiona kosa mrekebishe msimcheke. Mwisho anataja jina lake na anaomba dua. Hayo yote kwa mtahini wa Kizungu ni maneno ya ziada, yapunguzwe.

Lakini subirini. Mnadhani Wazungu hawana adabu zao kwenye kuandika? Wanazo. Yuko Ken Hyland, ameandika kitabu kizima 1998 juu ya vile vijineno vya kulegeza kauli, huenda, inaelekea, matokeo haya yanaashiria, na ameonesha kuwa makala za sayansi zimejaa hivyo vitu. Hawasemi "nimethibitisha", wanasema "inaonekana". Huko ni kuinama pia. Ila sie tunavua viatu mlangoni, wao wanaingia na viatu halafu wanavivua kimya kimya ndani, sentensi kwa sentensi. Mwanafunzi wangu anajishusha ukurasa wa kwanza mpaka chini, halafu akishaingia ndani anasema kwa sauti ya juu "utafiti huu umethibitisha kwamba", na kahoji watu kumi na wawili tu. Kwa yule Mzungu huyu kaingia kwa unyonge halafu anapiga kelele ukumbini kwa watu. Na wala hakukusudia. Mkitoka na hili moja leo mie nishashukuru, tizameni wanainamia wapi.

Haya. Kuna jambo jengine la kuchekesha. 1966 Mmarekani mmoja Robert Kaplan alichora vijichoro, kwamba kila watu wana mchoro wao wa kufikiri wakiandika. Wanaozungumza Kiingereza ni mshale unaoshuka moja kwa moja. Waarabu na jamaa zao wa lugha za Kisemiti, mistari ya kwenda mbele na kurudi. Watu wa Mashariki ya mbali, duara linalozunguka kama konokono. Nikawachorea darasani, kijana mmoja akanyanyua mkono, maalim, na Mswahili mchoro wake upi? Nikamwambia hatukupewa. Na kweli, michoro mitano, Afrika hamna hata mmoja.

Watu wengi walimpinga Kaplan, yeye mwenyewe baadae alilegeza, lakini nnavyopenda mie ni namna Canagarajah alivyopinga. Hakusema michoro si sahihi, ichorwe mingine. Alisema kwa nini mnadhani mtu amefungwa kwenye lugha yake kama ng'ombe kwenye kigingi? Akachukua profesa mmoja mkubwa wa kwao, Sivathamby, msomi wa fasihi ya Kitamil, akatizama maandishi yake ya aina tatu, aliyowaandikia wenyeji kwa Kitamil, aliyowaandikia wenyeji kwa Kiingereza, na aliyoyapeleka nje kwa Kiingereza. Mtu yule yule. Na kila mahala anaandika vyengine, anaanza vyengine, anabishana vyengine. Hata Kiingereza kwa Kiingereza havifanani, cha nyumbani na cha nje. Sasa mchoro wake upi? Yeye anakwenda na kurudi kama boti ya Mkoani, na kila bandari anajua anashukia wapi.

Na nyie hamjui kufanya hivyo? Mnajua tangu mna miaka saba. Asubuhi skuli Kiswahili, mchana chuoni, kwenye Qurani, Kiarabu, na sio Kiarabu cha kuzungumzia, Kiarabu cha kusomea tu, na bado unajua kukitumia mahala pake. Ulipofika darasa la tano, kwa sera ile ya elimu ya Zanzibar ya 2006, hesabu na sayansi zikageuka Kiingereza ghafla, maalim mwenyewe akiingia darasani jasho linamtoka. Jioni nyumbani kwa bibi lahaja ya bibi. Mtu kama huyo akifika chuo kikuu anaambiwa ana upungufu wa lugha! Nendeni Kiwengwa mkawasikilize mapapasi, wale vijana wanaowafata watalii, kijana hajamaliza fomu tuu, hajaingia darasa la Kiitaliano hata siku moja, na anamuuzia Mtaliano safari ya pomboo, bei inapandishwa inashushwa, wanacheka, mkono, jicho, neno la Kiitaliano, neno la Kiingereza, "hakuna matata" ambayo sie wenyewe hatuisemi, na biashara imekwisha. Kitabu chake cha 2013 Canagarajah kinahusu mambo hayo hayo, kwamba watu hawasubiri mpaka wawe na lugha nzima kichwani ndo wazungumze, wanakutana njiani wanapatana maana hapo hapo. Sijui kama amewahi kufika Kiwengwa. Angefurahi.

Yuko mwanafunzi wake mmoja wa Saudia, mwanamke, ambaye aliandika insha yake ya darasani akaweka Kiarabu ndani, kwa herufi zake, bila kukifasiri. Wenzake wakauliza hii nini. Yeye hataki kuwatafunia, anataka msomaji naye ahangaike kidogo kama yeye anavyohangaika na Kiingereza chao. Canagarajah hakumkata, alimuuliza maswali, akaandika makala juu yake 2011. Nikawaambia vijana, msikimbilie kuiga hilo. Nikaona wengine nyuso zishafurahi, wanadhani wamepewa ruhusa.

Na hapo ndo binti mmoja nyuma, nadhani ni wa sayansi ya bahari, akaniuliza swali ambalo nilikuwa naliogopa. Maalim, akasema, huyo ni profesa, ana kiti chake Marekani, akichanganya lugha wanamwita mbunifu. Mie nikichanganya wananifelisha, na ada ya mwaka mwengine atanilipia nani, yeye?

Watu wakapiga makofi, na walikuwa na haki.

Nikamjibu hivi, na bado sijui kama nimemjibu. Kwanza umesema kweli, na yeye mwenyewe haikatai. 2006 aliandika juu ya Geneva Smitherman, profesa Mmarekani mweusi, ambaye ndani ya makala za kitaaluma alikuwa akitia Kiingereza cha mitaani kwao. Akaonesha kuwa mama yule anatia kwa kipimo, hapa kidogo pale kidogo, mahala ambapo kinapiga, na kwengine kote anaandika kile Kiingereza cha wenyewe barabara. Na jina alikuwa nalo kitambo. Ni kama karafuu kwenye pilau, ukitia gao zima hakuna atakaekula. Pili, mie binafsi naona huyu bwana wakati mwengine anasahau kuwa mtu wa masta si sawa na mtu wa kitabu cha nane. Anazungumza kama kwamba kila msomaji yuko tayari kupatana na wewe. Rivyua wangu mmoja hakuwa tayari. Aliniandikia mstari mmoja, kwamba makala ikasomwe kwanza na mtu aliyezaliwa na Kiingereza. Mstari mmoja tu kwa kazi ya miaka miwili. Na makosa hakuonesha hata moja. Nikamtafuta mtu aliyezaliwa na Kiingereza, mtalii aliyekuwa amekaa sana Jambiani, akaisoma, akanambia sielewi hata kidogo hizi ni habari za nini lakini sarufi yako iko sawa.

Theresa Lillis na Mary Jane Curry waliwafatilia wasomi wa Slovakia, Hungary, Uhispania na Ureno, wakatoa kitabu 2010, wakaona kuwa makala inayotoka imepita mikono mingi, rafiki, mhariri, mfasiri, na kila mkono unabadilisha kitu, mara nyengine mpaka hoja yenyewe. Kwa hiyo hata Mzungu mwenzao wa Ulaya anapita kwa madalali. Hilo lilinipoza moyo kidogo, si sana.

Sasa ngojeni niseme jambo ambalo wengine hawatolipenda, hasa watu wa mjini.

Sie tunalalamika kuwa Kiingereza kina wenyewe. Na Kiswahili je? 1930 Waingereza walipounda ile kamati ya lugha ya Afrika Mashariki, walikuwa wameshaichagua Kiunguja, tena Kiunguja cha mjini, iwe ndo sanifu. Tangu hapo sie tukawa ndo wale waliozaliwa na lugha. Mie nimekuja mjini kutoka Pemba nina miaka kumi na minne, siku ya mwanzo nimesimama kusoma kifungu darasani, darasa zima wakacheka kabla sijafika nukta. Lafudhi tu, neno sikukosea. Nimekaa muhula mzima sinyanyui mkono. Mmakunduchi na Mtumbatu yamewakuta hayo hayo. Alhamdulillahi siku hizi BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wametoa kamusi za Kipemba na Kimakunduchi na Kitumbatu, mtu anaweza kulionesha neno la bibi yake limechapishwa. Na mie yule yule nilochekwa, nishakuwa maalim, nilimpata mwanafunzi wa kutoka Mbeya, aliandika Kiswahili chake kizuri tu cha kwao, na upatanisho wake haukuwa wa kwetu, nikampiga wino mwekundu ukurasa mzima na chini nikaandika akatafute mtu amsomee. Mstari mmoja. Sikukumbuka ule mstari wa rivyua wangu mpaka miaka imepita, niko kwenye daladala ya Tunguu, nikasema subhanallah.

Basi nije kwa yule mwanamke wa mwani, muda umekwisha naona mwenyekiti anatizama saa.

Mwanafunzi wangu mmoja, binti, utafiti wake ni kina mama wa mwani kaskazini Pemba. Mnajua mwani, umeanza kulimwa kwa biashara huku kwetu mwisho wa miaka ya themanini, mbegu kutoka Ufilipino, na wanaolima wengi ni wanawake. Kazi ya bamvua, maji yakitoka mbali unakwenda nayo, vijiti, kamba, unafunga mbegu moja moja kwa taitai, vile vijikamba, jua la kichwa maji ya magoti, na mgongo umeinama masaa. Ile aina yenye bei nzuri, cottonii, haitaki maji ya moto, na bahari imekuwa ya moto, inakufa. Inabaki ile spinosum ya bei ya chini. Basi binti anamuuliza mama mmoja, kwa nini mavuno yamepungua? Yule mama hakunyanyua kichwa, anafunga taitai zake, akasema,

"Bahari imechoka, mwanangu. Na mie nimechoka nayo."

Binti akaandika kwenye sura ya nne kwa Kiingereza, neno kwa neno, bahari imechoka. Msimamizi wake akakata, akaandika pembeni kuwa bahari haichoki, tumia istilahi. Binti akatii, akaandika kupungua kwa uzalishaji kutokana na mabadiliko ya mazingira. Sentensi safi, haina kosa, ingepita popote. Msimamizi akaweka tiki.

Msimamizi mwenyewe ni mimi.

Likizo iliyopita binti kenda tena Micheweni, kwa adabu zake kamchukulia yule mama sukari na sabuni, na akamfasiria zile kurasa anazotajwa, mana alimuahidi. Mama akasikiliza mpaka mwisho akauliza, na pale niliposema mie nimechoka, umepaandika wapi? Hakupaandika. Nilipokata ile ya mwanzo, hii ya pili nayo ilikwenda na maji. Tena ya pili ndo ilokuwa jibu la utafiti wake! Swali lake la tatu la utafiti ni kwa nini kina mama wanaacha kazi ya mwani.

Akanipigia simu kutoka huko huko, mawimbi yanasikika, sauti yake ya adabu kama kawaida, shikamoo maalim, naomba nikuulize kitu. Nikamwambia rejesha. Weka Kiswahili chake kwanza kama alivyosema, yote mawili, chini yake fasiri, halafu ndo uingie na hiyo istilahi yako ya mabadiliko ya mazingira na uoneshe kipi inakieleza na kipi haikielezi. Na ulegeze kauli, andika "huenda", mana ni mama mmoja. Akaandika ukurasa mmoja na nusu juu ya sentensi mbili. Mie nimemsimamia miaka miwili na huo ndo ukurasa wake mzuri kuliko yote.

Yule binti wa nyuma akanyanyua mkono tena. Na mtahini wa nje kasemaje?

Nikamwambia bado hajarudisha.